Jina Bado Zima

Kila Novemba, akinoa kisu cha bata mzinga,
Mjomba Orrin alituambia:
walikuja ndugu watatu.
Mmoja akashika njia ya kaskazini, mmoja akazama,
wa tatu ndiye sisi.
Alisema kama mtu aliyekuwepo bandarini
akiwapokea mizigo.

Nilimwamini hadi miaka hamsini na sita,
siku niliposhuka ngazi kumi na moja
hadi chumba cha chini cha ofisi ya mji,
karani akanipa penseli, maana wino ni marufuku,
na daftari linalonuka panya na siki.

Hakukuwa na ndugu watatu.
Kulikuwa na Jabez Wintle, peke yake,
mtumishi wa mkataba, miaka saba,
nauli kalipiwa na mchuuzi wa chumvi.
Mara ya kwanza nchi ile kuliandika jina lake
ni kwa ajili ya nguruwe:
nguruwe wa Jabez kavunja ua, kala mahindi,
faini shilingi mbili na peni sita.

Mahindi ya nani?
Ya mwanamke wa ng'ambo ya mto, basi.
Karani wa zama hizo alijua jina la nguruwe
(Askofu, nadhani kwa dhihaka)
la mwanamke hakuuliza.

Miaka minne mbele, shamba lile lile,
kutoka mwaloni mweupe hadi jiwe lenye ufa,
linauzwa kwa makoti mawili, birika na jembe.
Chini ya hati, mahali pa sahihi ya muuzaji,
kuna kasa.
Mdogo, miguu minne, mistari saba ya gamba.
Nilimtazama hadi taa ya ukumbini ikazimwa.
Kichwa chake kimeelekea ukingo wa karatasi,
kama anayetoka.

Jabez akaoa. Mke aliitwa Silence,
ndilo Kimya, na alilitendea haki:
katika kurasa mia mbili amesema mara moja tu,
mbele ya hakimu, alipoulizwa
kama mumewe aliyajua mapema
yale ya kuchomwa vibanda ng'ambo ya mto.
Akajibu: Sikumbuki.

Watoto wao walipewa majina ya kuombea.
Tumaini. Subira. Na Thankful, Mwenye Shukrani,
aliyeishi siku kumi na moja.
Halafu Thankful tena,
aliyeanguka kisimani ana miaka minne.
Halafu, majira ya barafu yaliyofuata, Thankful.

Sisi mtoto akifa tunamzika na jina lake.
Wao walilivua, wakalikung'uta,
wakamvika anayekuja, kama koti:
lilikuwa bado zima.

Sijui mtu hukuaje ndani ya koti hilo.
Mama akiita kutoka mlangoni, jioni,
kisimani hakuitiki neno,
nawe ndiwe unayepaswa kuitika.

Aliitika miaka tisini na mmoja.
Ninao wosia wake, nakala yake.
Birika la shaba kwa mjukuu mkubwa.
Kitanda na matandiko kwa mjane wa kaka.
Shamba la Kasa lisiuzwe
(kwa nini laitwa hivyo, hakuna aliyejua tena).
Mwandishi wa wosia kaanza: Mimi, Thankful Wintle,
na juu ya mstari, kwa mkono mwingine,
mkono wa kizee unaotetemeka, uliojifunza herufi kwa kuchelewa,
maneno mawili yamebanwa:
wa tatu.

Jumapili nilimpelekea Mjomba Orrin habari,
kule wanakomlaza mapema na kumkatia nyama.
Nikamsomea nguruwe, kasa, kisima, koti.
Nikamwambia, Mjomba, ndugu hawakuwepo.
Tumetoka kwa huyu wa mwisho.

Akafumba macho. Nikadhani kalala.
Kidole kikagonga ukingo wa kitanda,
kimoja, kingine, kingine.
"Si nilikwambia," akasema,
"walikuwa watatu."